Niliomba Bendera, Wakanipa Mume

Mliniacha wiki iliyopita nikiwa nimekaa kwenye benchi la uwanja wa barafu, viatu mkononi, nikimtazama Ethan akimshika kiuno msichana mwingine. Misimu miwili tuliteleza pamoja chini ya bendera ya Marekani, mpaka nchi za nje tukapelekwa. Akaniacha kwa kusema, "Hakuna ubaya, Nyaguthii."

Ubaya ulikuwepo. Mkubwa.

Kama unaanza kunisoma leo, mimi ni msichana wa Othaya, kule Ukikuyuni. Shule yangu iliishia darasa la tano. Nililetwa Amerika nikiwa mtoto, nikaingia kwenye nyumba ya tajiri mmoja wa Rockville ambako Anti Wairimu, dada ya mama, alikuwa mpishi. Kazi yangu ikawa kumsindikiza binti wa nyumba ile kwenye mazoezi ya barafu. Shule niliyoahidiwa sikuiona. Binti alichoka na barafu, akanitupia viatu vyake.

Mimi sikuchoka.

Mchezo wangu ni wa watu wawili, mwanamume na mwanamke. Mwanamume humwinua mwanamke juu ya kichwa wakiwa mbioni. Humrusha, humdaka. Mwanamke akikosa mwenzake, hana mchezo. Basi huyo ndiye nilikuwa mimi mwanzoni mwa mwaka 1998: miaka kumi na tisa, mwepesi, mwenye haya, bila mwenzangu.

Watu huniuliza kama nilijuta kuhama nchi. Sikujuta, na wanaotaka kunisikia nikijuta wamenunua gazeti bure.

Kocha wetu alikuwa mama mkali asiyependa maneno. Alikuja kwenye lile benchi, akasimama mbele yangu.

"Funga viatu. Vartan anakusubiri."

Vartan nilimjua kwa kumwona. Kijana wa Armenia, mrefu, mabega kama mlango. Mwenzake alikuwa ameumia goti, ameacha mchezo. Tulizunguka uwanja mara chache tu, hata hatukuinuana, na miguu yetu ilikuwa inakwenda pamoja kama ya mtu mmoja. Mimi na Ethan hilo lilituchukua mwaka mzima.

"Nataka kuteleza na wewe," akasema. "Lakini mimi natelezea Armenia. Ukija kwangu, unaacha Marekani."

"Naacha nini? Ethan?"

Akacheka. Hata mimi nilijishangaa. Kwa kawaida maneno kama hayo nayasema nikiwa nimeshafika nyumbani, peke yangu, nikiosha vyombo.

Sasa, mtu akishasimama chini ya bendera moja kwenye mashindano ya nje, hahami vivi hivi. Wakubwa wa mchezo lazima wakubali kumwachilia, kisha akae msimu mzima bila kushindana. Kocha aliwauliza. Wakaniachilia. Hawakubishana hata kidogo, na hilo liliniuma kuliko kama wangebishana.

"Nani mwingine aliyebaki kukubali?" kocha akauliza.

"Anti yangu."

"Wewe si mtoto."

"Kocha, wewe humjui Anti Wairimu."

Wakati huo tulikuwa tumehama kwa yule tajiri, tunaishi kwenye fleti huko Alexandria, mji wa Amerika hiyohiyo. Anti alikuwa anauguza wazee kwenye nyumba yao ya kulelewa. Mchezo wangu hakuupenda tangu siku ya kwanza.

"Huyo mwanamume wako anakushika hapa," akasema, akijigusa nyonga. "Kila asubuhi. Na mimi sijawahi kumpa hata kikombe cha chai."

"Ni mwenzangu mpya, Anti. Na ni kazi."

"Kazi gani hiyo ya kushikwa nyonga? Mimi nawageuza wazee kitandani kutwa nzima, hakuna anayenirusha juu."

"Anataka niende upande wao, Anti. Wa nchi yao. Kocha amekubali. Umebaki wewe."

Anti akaweka chini pasi aliyokuwa akinyooshea sare.

"Anataka kukuchukua?"

"Ndiyo."

"Basi aje hapa kama mtu. Na wakubwa wake. Mtoto wa watu haokotwi uwanjani kama koti lililosahaulika."

Nikampelekea Vartan ujumbe huo kama ulivyo. Nikaongeza langu moja: "Usije mikono mitupu."

Walikuja Jumapili, baada ya kanisa.

Anti alikuwa amewaita rafiki zake wawili, Mama Serah na Mama Tobias, na tangu asubuhi walikuwa jikoni wakipika mukimo, chapati na mbuzi wa kutosha kulisha kwaya.

"Anti, hawa ni watu watatu tu."

"Nyamaza ukate vitunguu."

Mzee Gitau naye alikuwepo, amevaa koti la suti. Huyu alikuwa jirani yetu, dereva wa teksi, na ndiye aliyekuwa akinipeleka mazoezini alfajiri. Siku hiyo alikaa kwenye kiti kikubwa cha sebuleni, akatangaza kwamba yeye ndiye baba yangu, kwa kuwa baba yangu mwenyewe yuko Othaya na hana habari.

Niliona ni heshima. Nilifurahi, hata.

Wageni wakaingia. Vartan, mama yake ambaye tulimwita Mama Anahit, na mjomba wake mwenye masharubu meupe. Mjomba alibeba keki. Mama Anahit alibeba chupa ya brandi ya kwao, akamkabidhi Mzee Gitau.

Mzee aliipokea kwa mikono miwili. Akaiinua kwenye mwanga. "Watu hawa wana adabu," akawaambia wanawake kwa Kikuyu. "Wameleta chupa kabla hata ya kuulizwa."

Mama Anahit hakujua Kiingereza. Alisema maneno yake, Vartan akayageuza.

"Mama anasema, hatukuja kumwiba binti yenu. Tumekuja kumwomba kwenu."

"Haiya!" Mama Serah akanong'ona. "Kumbe hata wazungu wanajua kuomba."

"Muulize mama yako," Anti akasema, "mtoto wetu akifika kwenu, atatunzwa?"

Mama Anahit akaweka mkono kifuani.

"Anasema atakuwa kama binti yake. Na mjomba anasema nchi nzima itajua jina lake."

"Nchi nzima?" Mama Tobias akashtuka. "Kwani hawa ni ukoo wa mfalme?"

Mzee Gitau akakohoa ili wanyamaze. Akamgeukia Vartan. "Na wewe kijana. Huyu msichana utamweza?"

"Namwinua kila siku, Mzee. Sijamwangusha hata mara moja."

Wanawake walicheka mpaka Mama Serah akajifunika uso kwa kitambaa cha kichwani. Mimi sikuona kilichowachekesha. Kutoangushwa ni jambo kubwa. Ethan aliniangusha, nikavunjika mtulinga.

Ndipo Anti akafungua chupa. Akamimina kidogo kwenye glasi, akaniletea.

"Nyaguthii, simama."

Nikasimama.

"Watu hawa wametuletea kinywaji. Tunywe, au tusinywe?"

Nataka msomaji anielewe hapa, kwa sababu baadaye watu wa kanisa walisema nilijua na nikajifanya sijui. Mimi niliondoka kwetu mtoto. Nyumbani, wageni wa aina hiyo wakija, watoto tunafukuzwa tukacheze nje. Swali hilo sikuwahi kulisikia likiulizwa, wala sikuwahi kuona msichana akilijibu. Niliona tu watu waliotoka mbali, keki yao, na mama aliyevaa viatu vinavyombana kwa ajili yangu. Kusema tusinywe ingekuwa kuwatukana.

"Tunywe," nikasema.

"Onja wewe kwanza, kisha mpe baba yako."

"Lakini huyu hajafika umri wa kunywa wa hapa," Mama Tobias akasema.

"Hapa sebuleni ni Othaya," Mzee Gitau akamjibu. "Onja, mama."

Nikaonja. Ikaniunguza koo. Nikampa Mzee Gitau glasi, naye akaimaliza.

Vigelegele vikalipuka. Mama Serah alipiga vyake mpaka jirani wa chini akagonga dari yake kwa ufagio. Mama Anahit akalia, akanibusu mashavu yote mawili. Mjomba akampiga Vartan mgongoni. Vartan alikuwa mwekundu hadi masikioni, anatabasamu.

Nami nikajiambia: kumbe wote hawa wanaupenda mchezo wangu.

Anti alinivutia jikoni, akanikumbatia. Anti Wairimu si mtu wa kukumbatia.

"Sasa nitalala usingizi," akasema. "Mama yako nitamwambia nini zaidi ya hiki?"

"Asante, Anti. Msimu ujao ukiisha tu, tutaanza kushindana. Kocha anasema..."

"Kushindana wapi?"

"Kwenye barafu."

"Ya barafu yameisha leo, msichana wangu. Mke wa mtu harushwi hewani na vinguo vya kuishia hapa."

"Mke wa nani?"

"Wa huyo aliyekaa pale sebuleni. Umeonja kinywaji chao mbele ya watu. Umempa baba yako. Ulifikiri tulikuwa tunasikia kiu?"

Nilishika ukingo wa sinki. Sasa nikaona yote: mukimo, suti ya Mzee Gitau, swali, kicheko cha akina mama. Nilikuwa nimekwenda kuomba ruhusa ya kuteleza, na kwa funda moja nilikuwa nimeozwa na kukatazwa kuteleza, vyote kwa pamoja, na watu walikuwa wanashangilia.

Mimi nina haya. Kwenye barafu wanaweza kunitazama watu elfu, siwaoni. Sebuleni watu saba wananimaliza. Tangu niingie Amerika nilikuwa sijawahi kupaza sauti ndani ya nyumba yoyote, kwa sababu zote zilikuwa nyumba za watu.

Nilitoka jikoni na mwiko mkononi. Sikukumbuka hata nimeuokota saa ngapi.

"Mimi siolewi," nikasema.

Mama Tobias aliyekuwa anagawa chapati akabaki ameinama.

"Nyaguthii, usini-embarrass mbele ya wageni," Anti akasema nyuma yangu.

"Nimekubali bendera. Mume sikuomba. Vartan, waambie walikuja kwa ajili ya nini."

Vartan akawaeleza wa kwao kwa lugha yao. Polepole, macho chini. Mama Anahit akaacha kutafuna. Mjomba akaweka kisu cha keki mezani.

"Kwa hiyo walikuja kwa ajili ya mchezo?" Anti akauliza. "Na mama mtu? Na mjomba? Na chupa?"

"Wewe ndiye uliyesema aje na wakubwa, Anti."

"Mimi nilisema hivyo kwa sababu mimi nina akili!"

"Mzee, si umeze tu," Mama Serah akamwambia Mzee Gitau, ambaye alikuwa na brandi mdomoni na hajui aifanye nini.

Akameza. "Mimi nilikunywa kwa nia njema," akasema.

Nilidhani basi, mambo yamekwisha. Watacheka, watakula, wataenda. Lakini mjomba alikuwa amemwinamia Mama Anahit, wananong'ona. Kisha mjomba akazungumza Kiingereza chake cha taratibu.

"Jamani, hili si baya. Olimpiki inayokuja itakuwa hapa Amerika, kule Salt Lake. Mashindano mengine anaweza kushindana hivihivi. Olimpiki hapana. Pale lazima wote wawili wawe na pasipoti ya Armenia. Akiwa mke wa Vartan, pasipoti itakuwa rahisi."

Anti akaketi. "Hiyo Olimpiki ni ya lini?"

"Miaka minne."

"Kisha ataacha kurushwa?"

"Kisha ataacha. Atazaa."

Anti akamtazama Mama Anahit. Mama Anahit akamtazama Anti. Wanawake wale hawakuwa na lugha hata moja ya pamoja, lakini niliwaona wakielewana mbele ya macho yangu, kama mafundi wawili wanaoshika ubao mmoja.

"Miaka minne naweza kuvumilia," Anti akasema. "Maadamu nyonga itakuwa inashikwa na mwenyewe."

Mama Serah akavuta pumzi apige vigelegele tena.

"Usithubutu!" nikamwambia.

Mama Serah, ambaye angeweza kunizaa, alifunga mdomo. Mkononi nilikuwa bado na ule mwiko.

"Bendera nataka," nikasema. "Vartan namtaka, kwa kuteleza. Kama Armenia inanihitaji, inichukue kwa miguu yangu. Mambo ya pasipoti tutayaona yakifika. Siwezi kulala na mtu miaka minne ili niruhusiwe kufanya kazi."

"Umekunywa, Nyaguthii!" Anti akapiga paja. "Mbele ya watu umekunywa!"

"Nilikunywa kwa sababu mlinipa. Mngenipa maji ningekunywa maji."

Mama Anahit akamwuliza Vartan nimesema nini. Akamwambia. Uso wake ukafunga. Akasema neno fupi, akachukua mkoba wake.

"Mama anasemaje?" nikamwuliza Vartan.

Akamshikia mama yake koti.

"Sema."

"Anasema, kama nyumba yetu hukuitaka, bendera yetu unaitakia nini? Anasema wapo wasichana wengine wepesi."

Hapo ndipo nilipofikishwa. Marekani ilikuwa imeshaniachilia. Armenia ilikuwa inatoka mlangoni na viatu vyake vya kubana. Nikikataa mume, nimekosa mwenzangu kwa mara ya pili, na sasa sina hata bendera ya kurudia. Nikikubali, ninateleza.

"Nipeni jibu kesho," mjomba akasema kwa upole. "Msichana alale, afikiri."

"Jibu langu mmelisikia," nikasema. "Nikilala nikaamka litakuwa hilohilo."

Wakaondoka. Vartan ndiye aliyetoka wa mwisho. Nilimngoja aseme kitu, hata neno moja, aseme kwamba naye haoi. Tulikuwa wawili tu katika jambo lile. Akanishika bega, akashuka ngazi.

Usiku ule Anti alijifungia chumbani. Simu ndiyo iliyozungumza. Kanisa zima lilipiga.

Asubuhi nilikwenda mazoezini. Nilisikia baadaye kwamba Mama Tobias alishangaa. "Amekwenda? Baada ya aibu ile?" Ningekaa nyumbani nifanye nini, nikunje nguo? Barafu ilikuwa mahali pekee ambapo hakuna mtu aliyewahi kunioza.

Vartan alikuwa ameshafika. Kocha alikuwa upande wa pili, mikono kifuani.

"Mama yako amesemaje?" nikamwuliza tukiwa tunapasha miguu moto.

"Anasubiri jibu."

"Basi twende wote leo jioni. Tusimame mbele yake na mbele ya Anti. Wewe useme hutaki, mimi niseme sitaki. Wakitukataa sote wawili, wamekosa mchezaji wao pia. Hawawezi kumkataa mtoto wao."

Akainama, akakaza kamba za kiatu.

"Vartan. Jana ulinyamaza."

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

"Mwinuko!" kocha akapiga kelele kutoka upande wake. "Nataka kuona mwinuko, siyo mazungumzo!"

Tukashika mbio. Mwinuko wetu mkubwa ulikuwa hivi: ananiinua kwa mikono miwili, anazunguka, kisha anaachia mmoja. Hapo mwanamke anabaki juu kabisa, mwili umenyooka, na kitu pekee kinachomshikilia ni kiganja chake ndani ya kiganja cha mwanamume. Siri ya mwinuko ni kwamba anayeshika kweli ni mwanamke. Mwanamume ni nguzo tu.

Tukapeana mikono. Akainama, nikaruka, akaninyoosha juu. Uwanja ukaanza kuzunguka chini yangu.

"Nilinyamaza kwa sababu nilijua," akasema.

"Ulijua nini?"

"Maana ya chupa. Maana ya kuonja. Ulipoleta ujumbe nilimpigia Mzee Gitau, akanieleza kila kitu. Nikafikiri wewe ndiye uliyetaka nije kukuposa, ila unaona haya kuniambia mwenyewe. Mama na mjomba sikuwaambia. Nilipoona umekunywa, nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote nchini."

Akaachia mkono mmoja. Nikabaki juu kwa mkono wangu wa kulia.

"Na nilipokataa?" nikasema.

"Nilitumaini utalala, utafikiri."

"Nishushe."

"Nijibu kwanza."

"Vartan, nishushe."

Akaendelea kuzunguka. Nilimwona kocha akipita chini yangu, mara ya pili, mara ya tatu. Muda wa kunishusha ulikuwa umepita. Kocha aliliona hilo, akaanza kupiga kelele.

"Niambie tu ndiyo au hapana," Vartan akasema. "Ukisema ndiyo, Armenia ni yako leo hii. Mama nitamweleza mimi. Utateleza mpaka uchoke."

Nilimpenda kidogo, sitaficha. Mikono yake ilikuwa mizuri kuliko yote iliyowahi kunishika. Lakini nilikuwa juu hewani na yeye alikuwa chini, ananiuliza swali la maisha yangu mahali ambapo siwezi kuondoka. Anti aliniuliza langu sebuleni watu wakitazama. Mjomba wake alinipa usiku mmoja. Na sasa yeye. Kila mmoja alichagua mahali ambapo hapana ingeniumiza.

"Ndiyo au hapana, Nyaguthii?"

"Hapana," nikasema.

Nikafungua vidole vyangu, nikauachia mkono wake.